Akaunti Nyingi na Akiba Moja

Katika maongezi ya leo twataka kuwaelezeni jambo lililofanywa na watu wengi wa Uingereza kwa muda wa miaka kadha wa kadha, tangu mwaka 2012 hivi. Mtu mmoja, mwenye mshahara mmoja na akiba isiyo kubwa, alifungua akaunti katika benki tatu, nne au hata tano. Fedha zake akazigawanya humo, na kila mwezi akawa akizizungusha kutoka benki hii hata benki ile, ili apate faida kubwa kuliko ile aliyoipata jirani yake aliyeziweka zote mahali pamoja.

Jambo hili likitazamwa kwa mbali laonekana kama mazingaombwe. Likitazamwa kwa karibu ni hesabu tu, tena hesabu ambayo mwanafunzi yeyote ajuaye kuzidisha na kutoa aweza kuifanya. Walakini hesabu hiyo ilikuwa na masharti yake, na aliyeyapuuza masharti alikikosa kile alichokitafuta. Ndiyo sababu twaona habari hii yamfaa hata mtu asiye na nia ya kufika Uingereza siku zote za maisha yake, maana masharti ya fedha hufanana kila mahali.

Kwanza tuelewane maneno. Mtu awekapo fedha benki, benki haizifungii sandukuni zikalala. Huwakopesha watu wengine, wajengao nyumba au wafanyao biashara, na hao hulipa kitu juu ya mkopo wao. Katika kitu hicho benki hubakiza sehemu yake, na sehemu nyingine humpa mwenye kuweka. Sehemu hii ndiyo tuitayo faida. Wengine huiita riba. Huhesabiwa kwa mia. Tukisema kwamba faida ni 5 kwa mia kwa mwaka, maana yake kila pauni 100 zilizokaa mwaka mzima huzaa pauni 5. Waislamu wengi huiepuka riba kwa sheria ya dini yao, na Uingereza kulifunguliwa mwaka 2004 benki ifuatayo sheria hiyo. Hayo yataka maongezi yake peke yake. Leo twaeleza desturi ya benki nyingine.

Tangu zamani benki huwa na akaunti za namna mbili. Namna ya kwanza ni akaunti ya akiba, ambamo mtu huweka fedha asizozihitaji upesi. Namna ya pili ni akaunti ya matumizi, ambayo wengi kwetu huiita akaunti ya hundi. Humo huingia mshahara, na humo hutoka kodi ya nyumba, malipo ya umeme na fedha za sokoni. Desturi ilikuwa kwamba akaunti ya akiba huzaa faida, na akaunti ya matumizi haizai kitu, au huzaa kidogo sana. Waingereza walilijua jambo hili tangu enzi za babu zao. Benki ya Akiba ya Posta ilipoanzishwa kwao mwaka 1861, ilitoa faida ya 2 na nusu kwa mia kwa mwaka, nayo ilikuwa mahali pa kuwekea, si mahali pa kutolea kila siku.

Basi ilikuwaje hata mambo yakapinduka, akaunti ya matumizi ikazaa kuliko akaunti ya akiba?

Mwaka 2008 benki nyingi za Ulaya na Marekani zilipatwa na msiba mkubwa, kwa kuwa zilikuwa zimekopesha ovyo, na madeni hayakulipwa. Biashara zikadhoofika na watu wakapoteza kazi. Benki Kuu ya Uingereza ndiyo ipangayo kile kima cha faida ambacho benki nyingine hukitazama zinapopanga vima vyao. Mnamo Machi 2009 Benki Kuu ilikishusha kima hicho hata kikafika 0.5 kwa mia, nacho kikakaa hapo hapo kwa zaidi ya miaka saba. Nia yake ilikuwa kwamba mikopo iwe rahisi, watu wanunue na wajenge, kazi zisife. Aliyekopa alifurahi. Lakini mwenye akiba aliumia, kwa maana faida yake ilishuka pamoja na kima hicho.

Tena bei za vitu hazikungoja. Mnamo Septemba 2011 bei za vitu Uingereza zilikuwa zimepanda kwa 5.2 kwa mia kuliko mwaka uliotangulia. Fikirini maana yake. Mzee aliyeweka pauni 1,000 kwa faida ya 0.5 kwa mia alipata pauni 5, akawa na pauni 1,005. Lakini vitu alivyoweza kuvinunua mwaka jana kwa pauni 1,000, mwaka huu vilitaka pauni 1,052. Fedha zake ziliongezeka kwa hesabu, zikapungua kwa nguvu. Hakuibiwa na mtu, wala hakutoa hata senti moja. Na hata hivyo akiba yake ilikuwa ikiliwa kama mahindi ghalani yaliyoingiwa na fukusi. Mwenye ghala ahesabu magunia, ayaone yametimia. Lakini akifungua gunia hukuta vumbi.

Wakati ule ule benki zilikuwa zikigombea wateja. Benki hupenda sana kuishika akaunti ya matumizi ya mtu, kwa kuwa mtu huyo akitaka mkopo wa nyumba huenda akauomba hapo, akipungukiwa kabla ya mwisho wa mwezi hukopa hapo, na akitaka kadi ya kukopea huichukua hapo. Hayo yote huiletea benki mapato. Lakini watu hawahami benki kwa urahisi. Wengi hukaa katika benki ile ile tangu ujana hata uzee. Mnamo Septemba 2013 ulianzishwa Uingereza mpango wa kumhamishia mtu akaunti yake, pamoja na malipo yake yote, kwa muda wa siku 7 za kazi. Njia ya kuhama ilipokuwa imesafishwa, ilibaki kumvuta mtu apite. Benki zikatia chambo, na chambo chenyewe kikawa faida juu ya akaunti ya matumizi.

Twataja mifano michache. Benki iitwayo Santander ilianzisha mwaka 2012 akaunti iliyotoa 3 kwa mia kwa mtu aliyekuwa na pauni 3,000 hata pauni 20,000. Nationwide, ambayo hasa si benki bali ni chama cha wanachama kikopeshacho wenye kununua nyumba, kilitoa 5 kwa mia juu ya pauni 2,500 za kwanza, kwa mwaka wa kwanza tu. TSB ilitoa 5 kwa mia juu ya pauni 2,000 za kwanza. Benki ya Tesco, iliyokuwa siku hizo mali ya kampuni yenye maduka makubwa ya jina hilo, ilitoa 3 kwa mia juu ya pauni 3,000 za kwanza. Na yote hayo wakati kima cha Benki Kuu kilikuwa 0.5 kwa mia.

Bila shaka msomaji ameona jambo moja katika mifano hiyo: kila faida ina mpaka wake. Benki haikuwa tayari kutoa 5 kwa mia juu ya mali yote ya mtu, kwa maana ingepata hasara. Ilitoa chambo, haikutoa ngalawa. Na hapo ndipo akili ya kuwa na akaunti nyingi ilipoanzia.

Mfano wake ni huu. Mvua inaponyesha juu ya paa la bati, mwenye nyumba huweka mtungi chini ya ukingo wa paa. Mtungi ukijaa, maji yanayozidi humwagika yakaenda zake. Mtu mvivu hulalamika kwamba mtungi wake ni mdogo. Mtu mwangalifu huleta mtungi wa pili na wa tatu, akaipanga, na mmoja ujaapo huweka mwingine mahali pake. Hakuiongeza mvua, wala hakuupanua mtungi. Aliongeza idadi ya mitungi tu. Vivyo hivyo akaunti moja ilijaa kwa pauni 2,000, nyingine kwa pauni 2,500, na chochote kilichozidi mpaka hakikupata faida ile nzuri. Basi mwenye akiba alijaza akaunti ya kwanza hata ukingoni, kisha akaanza ya pili, kisha ya tatu.

Sasa tuifanye hesabu. Tuseme kwamba mwaka 2015 mtu alikuwa na akiba ya pauni 7,500. Ziweke zote katika akaunti ya kawaida yenye faida ya 0.5 kwa mia: kwa mwaka mmoja zitazaa pauni 37 na nusu. Sasa zigawanye. Pauni 2,500 ziende Nationwide kwa 5 kwa mia. Zitazaa pauni 125. Pauni 2,000 ziende TSB kwa 5 kwa mia. Zitazaa pauni 100. Pauni 3,000 zilizosalia ziende Tesco kwa 3 kwa mia. Zitazaa pauni 90. Jumla ni pauni 315.

Lakini hesabu haijakwisha, maana serikali nayo ina fungu lake. Siku hizo benki zilikata kodi ya 20 kwa mia juu ya faida kabla ya kumpa mwenyewe. Basi pauni 315 zikawa pauni 252, na zile pauni 37 na nusu zikawa pauni 30. Tofauti ni pauni 222 kwa mwaka, kwa fedha zile zile, za mtu yule yule. Tangu Aprili 2016 sheria ilibadilika: mtu mwenye kulipa kodi ya kima cha chini aliruhusiwa kupata faida ya pauni 1,000 kwa mwaka bila kutozwa kodi, na mwenye kulipa kodi ya kima cha pili pauni 500. Kwa watu wenye akiba ndogo kodi hiyo iliondoka kabisa.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa ilikuwa rahisi hivyo, mbona si wote waliofanya? Jibu ni masharti. Benki ilimtaka mteja wa kweli, asiye mpitaji, na kwa hiyo iliweka alama za kumtambua mteja wa kweli. Alama ya kwanza ilikuwa mshahara. Nationwide ilitaka pauni 1,000 ziingie katika akaunti kila mwezi kutoka nje. TSB ilitaka pauni 500. Alama ya pili, kwa baadhi ya benki, ilikuwa kwamba malipo mawili ya nyumbani, kama vile ya maji au ya umeme, yakatwe kutoka akaunti hiyo kila mwezi. Aliyekosa sharti kwa mwezi mmoja aliikosa faida ya mwezi huo.

Basi mtu mwenye mshahara mmoja aliwezaje kuonekana na mishahara mitatu? Sharti lilisema fedha ziingie, halikusema zikae. Mshahara uliingia katika benki ya kwanza tarehe 28, tuseme pauni 1,200. Tarehe 1 pauni 1,000 zikaondoka kwenda Nationwide, na sharti la huko likatimia. Tarehe 3 pauni 1,000 hizo zikatoka Nationwide, na 500 kati yake zikapitia TSB, sharti la huko nalo likatimia. Tarehe 5 zote zikarudi katika benki ya kwanza kulipa kodi ya nyumba na chakula. Akiba yenyewe haikuguswa; ilikaa kimya ukingoni mwa kila mtungi. Kilichozunguka ni mshahara, kama mgeni mmoja apitaye kuamkia nyumba tatu kabla ya kurudi kwake kulala.

Hakuna aliyekwenda benki kwa miguu kufanya haya. Mtu alitoa amri mara moja, kwa kompyuta au kwa simu, kwamba tarehe fulani ya kila mwezi kiasi fulani kipelekwe mahali fulani, na benki ikaitii amri hiyo mwezi baada ya mwezi hata mwenyewe alipoifuta. Tena mnamo Mei 2008 ulianza Uingereza mpango wa kupeleka fedha kutoka benki hata benki kwa upesi, aghalabu kwa dakika chache, ambapo zamani zilichukua siku tatu za kazi. Na mtu wa kawaida hakulipa ada kwa kuhamisha hivyo. Kumbukeni neno hili la ada, kwa maana tutalirudia.

Kama yakiishia hapa, maongezi yetu yatakuwa yamesema nusu ya kweli. Wahenga wetu walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mwenye akaunti tano alikuwa ameshika tano, na njia za kuponyokwa zilikuwa nyingi.

Njia ya kwanza ni tarehe. Amri ya kutoa fedha ikitekelezwa kabla ya fedha zilizotarajiwa kufika, mtungi hupungua chini ya ukingo na faida hupungua. Mbaya zaidi, kodi ya nyumba ikikatwa wakati mshahara ungali njiani, akaunti huingia deni, na benki hutoza ada juu ya deni hilo. Ada chache za namna hiyo zaweza kuila faida ya mwaka mzima. Watu waangalifu waliacha siku mbili tatu katikati ya kila mwendo, wakikumbuka Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na katika akaunti ya kwanza waliacha fedha kidogo zisizoguswa, ziwe mto wa kuangukia.

Njia ya pili ni kusahau mwisho wa ahadi. Nationwide ilitoa 5 kwa mia kwa miezi 12. Baada ya hapo faida ilishuka hata 1 kwa mia. Pauni 2,500 zilizokuwa zikizaa pauni 125 zikazaa pauni 25. Benki haikumdanganya mtu, kwa maana iliandika tangu mwanzo. Lakini aliyesaini bila kusoma hata mwisho, au aliyesoma kisha akasahau, hakujua mvua imekatika.

Njia ya tatu ni ada ya akaunti yenyewe. Akaunti ile ya Santander ilitozwa pauni 2 kwa mwezi, na mnamo Januari 2016 ada ikapandishwa hata pauni 5. Pauni 5 kwa mwezi ni pauni 60 kwa mwaka. Mtu mwenye pauni 20,000, kwa 3 kwa mia, angepata pauni 600 kwa mwaka, na baada ya ada akabaki na pauni 540. Lakini mwenye pauni 3,000 angepata pauni 90, na baada ya ada akabaki na pauni 30 tu, ukiacha marejesho madogo ambayo benki hiyo ilitoa juu ya malipo ya nyumbani. Ada ilikuwa moja kwa wote. Mwenye kingi hakuisikia, mwenye kichache iliondoa theluthi mbili za mapato yake. Wanafunzi na wailinganishe hesabu hiyo, kwa kuwa hapo pana somo kubwa.

Njia ya nne ni deni. Tuseme mtu ana pauni 1,000 za akiba, na papo hapo ana deni la pauni 1,000 juu ya kadi ya kukopea, lenye riba ya 18 kwa mia. Akiziweka zile pauni 1,000 katika akaunti ya 5 kwa mia, kwa mwaka atapata pauni 50, na juu ya deni atalipa pauni 180. Amefurahia 50 na kupoteza 180. Mtu wa namna hii hana haja ya akaunti nyingi; haja yake ni kulipa deni kwanza. Kuchota maji kwa bidii ndani ya mtungi uliotoboka ni kazi bure.

Njia ya tano ni kuomba akaunti nyingi kwa pupa. Uingereza kuna makampuni yawekayo kumbukumbu za mikopo ya watu, na kila mtu aombapo akaunti ya matumizi, aghalabu alama huandikwa humo. Alama nyingi kwa muda mfupi zaweza kumfanya mkopeshaji ashuku kwamba mtu huyu ana dhiki. Kwa hiyo aliyekuwa karibu kuomba mkopo wa kununua nyumba alishauriwa angoje, asifungue akaunti mpya kwa ajili ya pauni chache.

Tena kuna gharama isiyoandikwa katika karatasi yoyote, nayo ni kazi ya mtu mwenyewe: kujaza fomu, kutunza maneno ya siri, kutazama kila mwezi kama mambo yamekwenda sawa. Tukikadiria saa 20 kwa mwaka, zile pauni 222 zawa pauni 11 na kidogo kwa kila saa. Tangu Oktoba 2015 kima cha chini cha ujira kwa mtu mzima Uingereza kilikuwa pauni 6.70 kwa saa. Basi ilikuwa kazi yenye ujira mzuri, lakini ilikuwa kazi. Na mtu aliyekuwa na akiba ya pauni 200 tu angepata pauni 10 kwa mwaka kwa kazi hiyo hiyo. Yatupasa kusema wazi: ufundi huu uliwafaa wale waliokwisha kuwa na akiba, nao haukumfanyia mtu akiba ambayo hakuwa nayo.

Mwisho wa mambo haya ulikuwaje? Mnamo Agosti 2016 Benki Kuu ya Uingereza ilikishusha kima chake tena, kikawa 0.25 kwa mia, na benki zikaanza kupunguza chambo. Mnamo Novemba 2016 Santander ilishusha faida yake kutoka 3 hata 1 na nusu kwa mia. Mnamo Januari 2017 TSB ilishusha kutoka 5 hata 3 kwa mia, na mpaka ukawa pauni 1,500. Mtungi uliokuwa ukizaa pauni 100 kwa mwaka ukazaa pauni 45. Mnamo Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, kima cha Benki Kuu kilifika 0.1 kwa mia, na mwezi Mei wa mwaka huo Nationwide ilishusha faida yake kwa wateja wapya hata 2 kwa mia juu ya pauni 1,500.

Kisha upepo ukageuka. Bei za vitu zilianza kupanda kwa kasi, na tangu Desemba 2021 Benki Kuu ilikipandisha kima mara kwa mara, hata mnamo Agosti 2023 kikawa 5.25 kwa mia. Ndipo akaunti za kawaida za akiba zikaanza kutoa zaidi ya 4 kwa mia, bila mshahara kuzungushwa wala malipo kukatwa. Watu wengi wakaona hapana haja tena ya mitungi mingi wakati kisima kimejaa. Hivyo ndivyo mtu mwenye busara afanyavyo: haipendi njia kwa kuwa aliizoea, bali huipima kila mwaka, na siku hesabu ikimkatalia huiacha bila huzuni.

Sasa turudi kwetu. Twawasihi wasomaji wasiichukue desturi hii nzima nzima na kuipanda katika ardhi nyingine. Uingereza iliwezekana kwa sababu mbili: benki zilitoa faida kubwa juu ya akaunti ya matumizi, na kuhamisha fedha hakukuwa na ada. Kwetu Afrika ya Mashariki, mara nyingi kupeleka fedha kutoka benki hata benki, au kutoka simu hata benki, kuna ada, na akaunti nyingi zina makato ya kila mwezi. Mwenye kuzungusha fedha penye ada kila mlango hupunguza fedha zake kila apitapo. Kabla ya kufungua akaunti ya pili, muulizeni karani wa benki mambo manne, na majibu yake myaandike: faida ni ngapi kwa mia kwa mwaka, mpaka wake ni kiasi gani, ada zote ni zipi, na ahadi hii yakoma lini. Kisha fanyeni hesabu nyumbani, kwa utulivu, kabla ya kusaini.

Twamalizia kwa jambo ambalo kwa maoni yetu lapita yote. Mtu mwenye akaunti tano ana siri tano, na mauti hayapigi hodi. Akifa bila kumwambia mtu, nani atajua kwamba kuna pauni 2,000 katika benki ambayo jamaa zake hawajapata kusikia jina lake? Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2008, akaunti isiyoguswa na mwenyewe kwa miaka 15 yaweza kuhamishiwa katika mfuko maalumu, na fedha zikatumiwa kwa mambo ya manufaa ya watu wote. Mwenyewe au warithi wake wakijitokeza hulipwa, lakini shuruti wajue pa kudai. Kenya nako, sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kutunza mali zisizo na mdai. Sheria hizo hazingalikuwapo kama watu wasingalisahau mali zao, au kufa bila kuziandika.

Kwa hiyo watu waliofaulu katika kazi hii Uingereza walikuwa na kitu kimoja cha lazima: daftari. Waliandika jina la benki, siku ya kufungua akaunti, faida na mpaka wake, masharti ya kila mwezi, na siku ahadi itakapokoma. Maneno ya siri hawakuyaandika humo, wala hawakumpa mtu. Lakini mke au mume, au mtoto mtu mzima, aliambiwa daftari liko wapi. Daftari hilo halihitaji pauni 7,500. Lamfaa mwenye shilingi chache katika simu, mwenye hisa katika chama cha ushirika, na mwenye ng'ombe wawili waliokabidhiwa ndugu wa mbali. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo jioni, kabla ya kuizima taa, chukueni karatasi mkaandike mlicho nacho na mahali kilipo, na mmoja wa nyumbani aonyeshwe karatasi hiyo imewekwa wapi.